Panya kwenye Mapango ya Vurugu: ulinganisho wa kanuni tatu za kuchezea kisa kimoja cha kale

Kuna kisa kimoja ambacho karibu kila mpenzi wa michezo ya kuigiza wahusika (ile ya mezani, ambapo mwendeshaji anasimulia na wachezaji wanaamua na kurusha dadu) hukipitia mapema: The Keep on the Borderlands, kijitabu alichoandika Gary Gygax mwaka 1979 kwa ajili ya mchezo wa Dungeons & Dragons. Ngome iko mpakani mwa nchi inayokalika. Ndani yake kuna baa, nyumba ya wageni, duka, benki ya mikopo na kanisa dogo. Safari fupi kutoka hapo kuna korongo lenye mapango 11, ndiyo Mapango ya Vurugu, kila moja limepewa herufi yake kuanzia A hadi K, na humo wanaishi viumbe wa makabila mbalimbali wasiopendana. Wachezaji wanatoka ngomeni na fanusi na kamba, wanaingia korongoni, na aliyebahatika anarudi na mfuko wa dhahabu.

Sasa kikundi chako kinataka kucheza safari hiyo kama panya: panya wenye sindano badala ya panga, na kifuniko cha soda badala ya ngao. Utumie kanuni zipi? Nimekiendesha kisa hiki kwa njia tatu: kwa Mausritter na kwa Mouse Guard, michezo miwili iliyotungwa kwa ajili ya panya, na kwa D&D (yaani Dungeons & Dragons yenyewe) toleo la tano huku nikibadilisha majina tu. Zote zinafanya kazi, lakini kila moja inakupa usiku wa aina yake, na ukikosea kuchagua utajikuta unavutana na kitabu chako mwenyewe.

Kabla sijaendelea niseme neno juu ya neno. Kiswahili kinamwita panya yule mdogo wa darini na yule mkubwa wa mtaroni kwa jina moja. Michezo hii inawatenganisha, na tofauti yao ni jambo kubwa mezani. Hapa panya ni yule mdogo. Yule mkubwa nitamwita panya buku.

Kipimo kwanza, kanuni baadaye

Mara ya kwanza nilichukua ramani ya Gygax kama ilivyo. Penye futi 10 nikaandika inchi 10, penye mwanadamu nikaandika panya, penye orc, jitu katili la hadithi, nikaandika panya buku. Baada ya nusu saa hakuna mchezaji aliyekumbuka kwamba ana mkia. Ukipunguza mlango, upanga, adui na shimo kwa kipimo kimoja, hujapunguza kitu.

Kwa hiyo, kanuni zozote utakazochagua, punguza mashujaa na uache dunia ilivyo. Mapango uyahamishie mahali palipojengwa na watu, mahali ambapo wachezaji wako wamepashika kwa mikono yao. Mimi nilichagua mashine ya kusaga unga iliyofungwa. Korongo ni njia iliyobaki kati ya marundo mawili ya magunia yaliyooza, na mapango 11 ni matundu ya magunia, mabomba na sanduku la injini. Ngome ni mtungi mkubwa wa maji uliopasuka ubavu, umeegemea ukuta wa nje, na panya wameujenga ndani kwa vijiti na matambara ghorofa kwa ghorofa.

Ukishahama hivyo, mitego nayo inabadilika tabia. Pango A kwa Gygax ni la kobold, vijitu wadogo wa mapangoni, na karibu na mlango kuna shimo la futi 10 linalowameza wageni. Lakini panya na shimo hawana ugomvi mkubwa. Mwanabiolojia J.B.S. Haldane aliandika mwaka 1926 kwamba panya unaweza kumwangusha kwenye mgodi wenye kina cha yadi 1,000 na akafika chini akashtuka kidogo tu, kisha akaenda zake, mradi ardhi iwe laini kiasi. Kinachomtesa mnyama mdogo ni maji: panya aliyelowa anabeba uzito unaokaribia kuwa sawa na wake mwenyewe. Na kuna njaa pia, kwani kila siku anakula robo ya uzito wake. Basi lile shimo la pango A nililigeuza kuwa kopo la oili chafu lililofunikwa kwa vumbi la unga. Anayetumbukia haumii. Anatoka ameloa oili, mzito, ananuka, na kila mwenye pua ndani ya pango anajua kwamba amefika.

Kisima cha oili, maji yanayodondoka kutoka kwenye bati, mchana mmoja bila chakula: hizo ndizo hatari za panya. Zikumbuke tunapolinganisha, kwa sababu kanuni moja inazibeba zote, ya pili inabeba baadhi yake kwa uzito zaidi, na ya tatu haizioni kabisa.

Mausritter: anayeingia ili atoke na kitu

Mausritter ni kazi ya Isaac Williams. Kitabu chake ni chembamba na kinapatikana bure kama faili ya kupakua. Mhusika anazaliwa kwa dakika tano: unarusha dadu tatu za pande sita, unabakiza mbili zilizo kubwa, unajumlisha, na unarudia mara tatu kwa ajili ya Nguvu, Wepesi na Utashi. Ukitaka kujua kama umefaulu jambo lenye hatari, rusha dadu ya pande 20, ipate namba isiyozidi sifa yako. Kwenye mapigano hakuna kurusha dadu ili kuona kama umelenga. Unarusha ya madhara moja kwa moja. Panya mpya ana uhai wa namba 1 hadi 6, sindano inatoa madhara ya dadu ya pande sita, kwa hiyo kila mchezaji anaelewa haraka kwamba vita ni jambo la mwisho.

Roho ya mchezo huu lakini iko kwenye mzigo. Kila panya ana nafasi kumi za kubebea: mbili za mikononi, mbili za mwilini, sita za mkobani. Vitu ni vipande vya karatasi unavyovikata na kuvipanga juu ya ukurasa wa mhusika. Njaa nayo ni kipande cha karatasi. Hofu pia, jeraha pia, na vinakaa kwenye nafasi zile zile ambako ungeweka chakula. Yule aliyetumbukia kwenye oili nilimkabidhi kipande nilichokiandika "umeloa", naye akalazimika kuondoa kamba ili kipate pa kukaa. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Nataka ukione jinsi kisa cha Gygax kinavyoingia humu bila kusukumwa. Kwenye pango la goblin, vijitu wengine wabaya wa hadithi, kuna mlango wa siri unaoelekea kwa jirani yao, zimwi la kulipwa. Goblin wakizidiwa, wanamrushia zimwi mfuko wa sarafu 250 za dhahabu, naye anakuja kuwapigania. Kwangu goblin ni virukanjia, na zimwi ni chura mnene anayelala ndani ya ndoo iliyopinduka. Sarafu 250 kwenye Mausritter ndizo zinazojaza nafasi moja ya mzigo. Sikubadilisha hata tarakimu.

Usiku ule mchezaji mmoja, binti wa miaka kumi na mitatu, aliuwahi mfuko kabla chura hajaupokea. Akauchukua, akatazama ukurasa wake. Nafasi zote kumi zimejaa. Mkono mmoja una sindano, mwingine una fanusi, mkobani kuna chakula cha siku mbili, kamba, chaki, na kipande cha "umeloa" alichokipata mlangoni. Chura alikuwa ameshafumbua jicho moja. Binti akashika kipande cha chakula, akakirudisha, akashika cha fanusi, akakirudisha, kisha akakisogeza chakula taratibu hadi nje ya karatasi na kukiacha mezani mbele yangu. "Namtupia chura," alisema. "Ale kwanza, ndipo tuzungumze naye." Hakuna kanuni iliyomwambia afanye hivyo. Nafasi kumi ndizo zilizomfikisha hapo.

Kuna sababu nyingine inayofanya ndoa hii iwe nyepesi. Gygax aliandika enzi ambazo mhusika alipanda ngazi kwa dhahabu aliyoirudisha nyumbani zaidi ya maadui aliowaua. Mausritter imeutunza utaratibu huo: sarafu moja ya hazina iliyofikishwa mahali salama ni pointi moja ya uzoefu, na ngazi ya pili inataka 1,000. Kwa hiyo hazina zilizoandikwa kwenye kijitabu cha kale unaweza kuziacha karibu kama zilivyo.

Takwimu za maadui ndizo usizojaribu kuzibadilisha kwa hesabu. Chukua kiumbe wa kitabu cha Mausritter anayefanana na kazi ile: tandu, nyoka, buibui, panya buku. Paka yuko kwenye daraja la jeshi zima, na sindano ya panya mmoja haimfanyi chochote. Paka wangu hakai pangoni. Anapita kwenye njia kati ya magunia kila jioni, na saa za kuingia na kutoka zinapangwa kwa ajili yake.

Udhaifu upo. Wachezaji wanaopenda kujenga mhusika kwa mwaka mzima watauona mchezo mwembamba. Tena panya wanakufa kweli. Andaa majina ya ziada, na umwambie kila mtu mapema.

Kuhusu panya buku nitakiri upendeleo. Kwenye kitabu wamewekwa mara nyingi kama majambazi, na ni rahisi kuwafanya orc wa mapango B na C. Mimi nilishindwa. Magawa alikuwa panya buku, alizaliwa Tanzania, akafunzwa na shirika la APOPO lenye makao Morogoro, akapelekwa Kambodia na kugundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Baada ya hapo nitamwekaje kuwa jambazi? Kwenye mtungi wangu panya buku mmoja mzee ndiye mlinzi wa lango, na kwa sarafu kadhaa anakubali kwenda mbele kunusa mitego. Orc wakawa vicheche wadogo.

Mouse Guard: anayeingia kwa sababu ametumwa

Mouse Guard ilianza kama katuni za David Petersen, na mwaka 2008 Luke Crane akaitengenezea mchezo. Hapa panya ni walinzi wenye kiapo. Wanasindikiza wafanyabiashara, wanapeleka barua, wanatengeneza njia, wanarudisha waliopotea. Uchawi hamna. Adui ni msimu, mwitu, mnyama mkubwa na, mara nyingine, panya mwenzako.

Mwendeshaji anatakiwa kuchagua vikwazo kutoka makundi manne: hali ya hewa, mwitu, wanyama na panya. Viwili vinakuwa mhimili wa safari, viwili vinasubiri mambo yaharibike. Dadu ni za pande sita tu, nne na kuendelea ni ushindi. Ukishindwa hadithi haisimami. Ama jambo jipya linazuka, ama unafaulu lakini unatoka na njaa, hasira, uchovu, jeraha au ugonjwa. Kila mhusika ana imani, lengo na silika yake vilivyoandikwa kwa sentensi. Tena ana kipimo ambacho mimi hukiita upanya: kukimbia, kupanda, kujificha, kutafuta chakula. Upanya unakusaidia, lakini ukizidi, mhusika wako anakuwa mnyama tu na kutokomea porini. Nalipenda wazo hili kuliko mengi niliyowahi kuyasoma kwenye vitabu vya michezo.

Tatizo ni kwamba Mapango ya Vurugu hayakuandikwa kwa ajili ya watu wa aina hii. Ukimpa mlinzi aliyeapa mapango 11 ya kupekua chumba kwa chumba na kukusanya hela, atakuuliza kwa haki, "Nani amenituma?" Inabidi uvunje kisa. Nilibakiza vitu vitatu: njia kati ya magunia wakati bati linavuja mvua ya masika, mfanyabiashara aliyetekwa, na pango K, hekalu la waovu. Yaliyosalia niliyaweka kando. Ramani ikawa mchoro wa nusu ukurasa.

Nilichopata badala yake ni jioni moja ambayo hakuna aliyechomoa sindano kwa saa mbili. Doria ya panya watatu walibishana kama wamfungulie nyoka aliyenaswa kwenye chupa. Kwa Gygax huyo ni medusa, mwanamke mwenye nywele za nyoka, mfungwa kwenye hekalu, anayeahidi kusaidia akifunguliwa. Mchezaji mmoja alikuwa ameandika silika yake, "Simwachi mfungwa." Mwingine imani yake ilikuwa kwamba nyoka anauma na kupuliza kama panya, sema yeye meno yake ni marefu. Mchezo huu una utaratibu wa mabishano: kila upande unachagua hatua tatu kwa siri, kushambulia, kujihami, kuhadaa au kujipanga, kisha zinafunuliwa moja moja. Unatumika kwa maneno sawasawa na vita. Mabishano yale yaliisha kwa mmoja kushinda na mwenzake kubaki na hasira, na hasira hiyo ilikuja kutudai kwenye mvua.

Ukiwa na kikundi cha watu wazima wanaozoeana, wanaofika kila wiki, chukua Mouse Guard na ujiandae kukata. Ukiwa na wageni wa usiku mmoja, usiichukue. Kanuni zake zinahitaji vikao viwili vitatu kabla hazijaingia kichwani, na kitabu chake ni kinene.

D&D toleo la tano: majina mapya, kila kitu kile kile

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu njia yenyewe ni fupi. Wachezaji wako tayari wanajua D&D, wana dadu zao, wana wahusika wao. Unawaambia wote ni panya, unabadilisha orc kuwa kicheche na upanga kuwa sindano, na jioni hiyo hiyo mnaanza. Kisa kimeshabadilishwa kuwa cha toleo la tano: Goodman Games walitoa toleo lao mwaka 2018, na mwaka 2025 wenye mchezo wenyewe wakayatumia mapango haya kwenye boksi lao la wanaoanza.

Usijaribu kutumia takwimu za panya halisi zilizomo kitabuni. Panya buku ana uhai wa pointi moja, paka ana mbili, na hapo hakuna mchezo. Waache mashujaa na namba zao za kawaida, na paka mpe takwimu za joka mchanga. Hilo linafanya kazi vizuri, na watoto wanalipenda.

Lakini upanya unapotea. Mhusika wa ngazi ya tatu anayerusha miale ya moto haogopi tone la maji. Mizigo haihesabiwi kwa umakini, chakula kinasahaulika, na nusu ya kikundi wanaona gizani bila fanusi. Kopo langu la oili lilivukwa kwa uchawi kabla sijamaliza kulieleza. Wachezaji walifurahi sana usiku ule, na siwanyimi furaha yao. Walifurahia D&D wakiwa wamevaa masikio ya panya.

Uchague ipi

Kama ramani ndiyo iliyokuvuta, yaani unataka mapango yote kuanzia A hadi K, milango ya siri, makabila yanayoweza kugombanishwa, chukua Mausritter bila kusita. Kama kilichokuvuta ni panya wenyewe, udogo wao na wajibu wao, Mouse Guard itakufikisha mbali zaidi, ila kisa cha Gygax utabaki nacho robo. D&D ichukue pale tu ambapo kikundi hakitakubali kujifunza kitu kipya, au muda wa kujiandaa ni saa moja.

Dadu nazo zinaweza kuamua. Za pande 20 si za kuokota duka lolote huku kwetu, ingawa programu ya simu inatosha. Mouse Guard inachezeka kwa dadu za ludo.

Jambo moja lazima uliamue kabla ya kuwaita watoto mezani, na hapa kanuni zinatofautiana kuliko mahali pengine. Gygax aliorodhesha kwenye mapango si wapiganaji pekee bali pia wake na watoto wa makabila. Katika D&D kikundi kinachofuata mkondo kitafika kwenye chumba hicho kikiwa na sindano mkononi, na kila kanuni iliyo mbele yao inahusu kupiga. Mtu mzima anaweza kusimama. Mtoto wa miaka tisa anafuata namba. Mouse Guard haikufikishi huko, kwa kuwa mlinzi hakutumwa kuua vichanga. Mausritter inakuachia uamuzi, lakini inakupa kifaa: kila kabila linaandikwa kama kundi lenye mahitaji yake na hatua zake, linaloweza kulipwa, kuogopeshwa au kufanyiwa mapatano. Virukanjia wangu wanataka unga mkavu kabla ya masika. Wakipewa, mlango wa siri wa chura unafunguliwa kutoka ndani.

Kwa usiku wa kwanza, kwa kanuni yoyote, usifungue mapango yote. Fungua A, D na E tu: kopo la oili, virukanjia, na chura. Waachie pia ule uvumi wa uongo wa ngomeni, kwamba goblin wakipiga kelele "bree-yark" wamesalimu amri. Kwa kweli wanaitana vitani. Kata vipande vya karatasi mapema, viwe vingi kuliko unavyodhani vinahitajika, na vile vya "njaa" uviweke juu.